Barua ya wazi kwa Waziri wa Serikali za Mitaa: Makamanda wa zimamoto wapatiwe chombo huru cha kuamua migogoro yao ya kazi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu maofisa waandamizi wa vikosi vya zimamoto vilivyo chini ya serikali za mitaa, ambao hawana pa kupeleka migogoro yao ya kazi. Askari wa kawaida akidai posho au kulalamikia saa za zamu, ana chama chake na ana meza ya majadiliano. Kamanda wake mwenye dai lilelile huambiwa kuwa yeye ni menejimenti, kisha shauri lake husikilizwa na halmashauri ileile inayodaiwa.

Hoja ya upande wa pili naifahamu. Mkataba Na. 151 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1978, unaziachia sheria za nchi kuamua ni kwa kiasi gani dhamana zake zitawahusu watumishi wa ngazi ya juu wenye kazi za kutunga sera au za uongozi. Hata hivyo, kifungu cha 8 cha mkataba huo kinataka migogoro ya utumishi wa umma itatuliwe kwa majadiliano, au kwa njia huru zisizopendelea upande wowote na zinazoaminiwa na wahusika, kama vile usuluhishi na uamuzi unaotolewa na mwamuzi wa nje. Vyombo vya shirika hilo vinakubali pia kwamba mgomo katika zimamoto unaweza kupigwa marufuku, ila kwa sharti kwamba anayenyimwa haki hiyo apatiwe usuluhishi na uamuzi wa haraka na wa haki. Waajiri wengi wameishika marufuku na kuliacha sharti.

Ofisa mwandamizi hagomi kwa mabango. Hugoma mgomo baridi: hujitoa katika orodha ya kuitwa nje ya saa za kazi, hukataa kukaimu, na hafanyi lolote ambalo halikuandikwa katika mkataba wake. (Wapo wanaoutumia ukimya huo kama silaha, na hao siwatetei.) Magari yanaendelea kutoka kituoni, kwa hiyo mwananchi haoni tofauti yoyote mpaka utokee moto mkubwa unaohitaji vituo kadhaa, ambapo lazima mtu mmoja aamue kama askari waingie ndani au waondolewe kabla paa halijaporomoka. Ikiwa kamanda amesimamishwa kazi kwa miezi bila shauri lake kusikilizwa, uamuzi huo unamwangukia kaimu ambaye hajui mamlaka yake yanaishia wapi.

Kuwaingiza maofisa hawa katika meza moja na askari hakutasaidia, kwa sababu askari wakigombana na mwajiri, ni maofisa hao hao wanaotakiwa kumwakilisha mwajiri na kuhakikisha huduma haisimami. Uingereza ina baraza la pamoja la majadiliano kwa wakuu wa vikosi, lililotengwa na lile la askari.

Naomba, Mheshimiwa, utunge kanuni zinazoanzisha baraza la namna hiyo lenye mwenyekiti asiye mwajiriwa wa upande wowote, pamoja na waamuzi huru ambao uamuzi wao utazifunga pande zote mbili. Kanuni hizo ziweke ukomo wa muda wa kumsimamisha kazi ofisa, na zilazimishe kila kaimu apewe mamlaka kamili kwa maandishi siku anapoteuliwa. Maofisa wenyewe washirikishwe tangu rasimu ya kwanza.

Wako mtiifu,
Mwananchi anayefuatilia masuala ya kazi