YAH: Malalamiko kuhusu kibebeo cha pikipiki kilichokatika shingo kikiwa nyuma ya gari

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Idara ya Vifaa vya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu, mkazi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, mwenye mashamba ya mikorosho upande wa Tandahimba na Newala. Nilinunua kwenu kibebeo cha chuma cha kubebea pikipiki, kile kinachochomekwa kwenye tundu la mraba la inchi 2 la chuma cha kuvutia tela, na mafundi wenu ndio waliokifunga kwenye gari langu aina ya Toyota Land Cruiser Prado. Risiti ya EFD na picha nimeziambatisha.

Kabla ya kulipa nilimweleza muuzaji wenu matumizi yangu bila kumficha kitu. Gari hunifikisha kijijini, lakini njia za kuingia mashambani ni za mchanga, na matawi ya mikorosho yameinama mno kiasi kwamba ni pikipiki pekee inayopita. Nilimtajia barabara ya Newala kwa jina, na nikamwambia kwamba baadhi ya vipande vyake ni vya vumbi. Alinijibu kwamba kibebeo kimeandikwa kilo 180 na kwamba nisiwe na wasiwasi.

Kilikatika kwenye moja ya vipande hivyo vya vumbi, gari likiwa katika mwendo wa taratibu. Nilisikia mlio wa chuma, kisha kwenye kioo nikaona usukani wa pikipiki umelala upande. Niliposhuka nilikuta shingo ya kibebeo, yaani pale bomba la mraba linaloingia kwenye gari linapoungana na reli ya kubebea magurudumu, imepasuka na kujipinda, na tairi la nyuma la pikipiki linaburuzwa barabarani. Rimu imepinda, ekzosi imebonyea, na bampa la gari limechanika. Nyuma yangu alikuwepo dereva wa bodaboda mwenye abiria, ambaye kwa bahati alikuwa ameacha nafasi ya kutosha.

Nilipopiga simu ofisini kwenu nilielezwa mambo mawili: kwamba huenda nilizidisha uzito, na kwamba "barabara za kusini zinajulikana". Hoja zote mbili nazikataa, kwa sababu zifuatazo.

Pikipiki yangu ni ya cc 125, ya aina ile ile inayobeba abiria kila kona ya mji huu, na haifiki kilo 130 hata tangi likijaa. Ilikuwa peke yake juu ya reli, bila dumu la mafuta wala gunia. Kama kilo 180 zilizoandikwa kwenye kibandiko chenu ni za kweli, uzito ule ulikuwa ndani ya kipimo kwa tofauti kubwa.

Kuhusu barabara, kifaa cha namna hii hubeba mzigo wake wote kikiwa kimening'inia nyuma ya ekseli, na mtengenezaji anapaswa kulijua hilo kuliko mimi. Chukulia pikipiki na kibebeo vina jumla ya kilo 150, na kitovu cha uzito wake kiko mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa Prado, ambayo kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.79, magurudumu ya mbele yanapunguziwa karibu kilo 80 na ya nyuma yanaongezewa karibu kilo 230, gari likiwa limesimama tu. Likipiga shimo, nguvu inayoivuta shingo ile kwa upande wa juu inaweza kufika mara mbili au zaidi. Kama kibandiko kilihesabu mzigo uliotulia kwenye lami, basi kilipaswa kusema hivyo, na muuzaji naye alipaswa kuniambia nilipomtajia Newala.

Lakini hoja yangu kubwa iko kwenye mpasuko wenyewe, na naomba mwangalie picha ya tatu kwa utulivu. Chuma kinachokatika siku hiyo hiyo huacha sura nyeupe inayong'aa. Hapa, sehemu ng'avu ni ukanda mwembamba kwenye ukingo wa chini tu. Sehemu nyingine yote ni ya kahawia, imeshika kutu, na rangi nyeusi ya kiwandani imepenya ndani ya ufa. Rangi haiwezi kuingia kwenye ufa ambao haujawepo. Maana yake ni kwamba kibebeo kilipakwa rangi na kuuzwa kikiwa tayari na kasoro, kwa sababu uchomeleaji haukushika hadi ndani ya bomba, ila uliishia juu juu.

Zaidi ya hapo, karatasi ya maelekezo iliyokuwa kwenye boksi inaonyesha kikazio cha umbo la U, pamoja na boliti zake, cha kuzuia bomba lisicheze ndani ya tundu. Mafundi wenu walifunga pini peke yake. Bomba lenye nafasi ya kucheza huigonga shingo kila gari linaporuka.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi yake na kutegemea utaalamu wake. Kwa hiyo naomba mnirejeshee bei yote ya kibebeo na gharama za kukifunga, na mlipe matengenezo ya pikipiki na bampa kwa kadiri ya ankara za fundi zilizoambatishwa.

Mliniomba nikitume kibebeo kwa basi hadi Dar es Salaam. Sitafanya hivyo, maana hicho ndicho kielelezo pekee nilicho nacho. Nimekifunga kwenye nailoni bila kukisafisha wala kukichomelea upya, na niko tayari kikaguliwe hapa Mtwara mbele ya fundi wenu na mwalimu wa uchomeleaji wa VETA, siku mtakayoichagua ninyi.

Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na viambatisho vyote. Wakati huo huo, naomba vibebeo vya shehena hiyo vilivyobaki dukani visiuzwe hadi shingo zake zikaguliwe, na wateja waliokwisha kuvinunua wapigiwe simu, kwani namba zao mnazo.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu,
Mtwara.