Hii "direkti" ya ventilateri inatuunguzia waya

Bwana muhariri, salamu toka Bukavu.

Naandika juu ya neno moja lenye nasikia kila garaji hapa kwetu, "tupige direkti". Ventilateri (feni) ya radiateri ikikataa kuzunguka, fundi anakata waya, moja anafunga kwa kontakti (swichi ya ufunguo), ingine kwa masi (chuma ya gari), ukiwasha gari inazunguka mpaka uzime, unalipa unaenda. Mie pia nilikubali. Gari yangu ni Toyota ya mwanzo wa miaka ya 1990, haikumaliza mwezi, tuko kwa foleni tunapanda Kadutu nasikia harufu ya plastiki, sindano ya joto iko kwa nyekundu, kuangalia chini ya dashbodi waya ya kontakti imeyeyuka kama mshumaa.

Ventilateri ya inchi 12 inakula ampea 10 na zaidi, ya inchi 16 inaweza kupita 20, na pale inaanza kuzunguka inavuta mara mbili ao tatu ya hiyo. Kontakti haikutengenezwa ibebe mzigo huo. Rele, ile swichi ndogo yenye kuamuriwa na umeme, ndiyo iko na kazi hiyo: mguu wa 30 unapata moto (umeme) toka batri, wa 87 unaupeleka kwa ventilateri, 85 na 86 ni za kuamuru tu, hazibebi kitu kikubwa. Waya iwe ya milimita mraba 4 hivi, fyuzi ya ampea 30 ikae karibu kabisa na batri, siyo kule mbele kwa ventilateri, kwa sababu waya ikichunika katikati ikagusa chuma, fyuzi ya mbele haitakuokoa.

Sasa fundi wa pili alifunga rele vizuri, nikafurahi, kesho yake asubuhi motere (injini) baridi ventilateri inazunguka, motere ikichemka inasimama! Nikasema rele ni mbovu, nikanunua ingine, ni vilevile. Kumbe Toyota nyingi za zamani sonda yao ya joto, ile yenye kusikia joto na kuamuru rele, iko kinyume na vile tunafikiri: ikiwa baridi inaunga njia ya umeme, ikipata joto inaikata. Walifanya vile kusudi waya ya sonda ikikatika ventilateri izunguke, gari isiungue. (Chomoa plagi ya sonda na kontakti imewashwa, utaona inazunguka palepale, ila toa mikono yako kwanza.) Rele ya kiwandani imepangwa kufuata sonda hiyo, ya sokoni haijui habari hiyo.

Fundi akasema basi tuhamishe waya kwa mguu wa 87a, ule unapitisha moto wakati rele imelala. Tukahamisha, ikaenda vizuri sana, mpaka nikazima gari, nikatoa ufunguo, na ventilateri bado inazunguka tu, inakunywa batri. Tulicheka na hasira ndani. Dawa ikawa kutafuta sonda ingine, uzi wake uingie palepale pa zamani, yenye kuunga njia ikifika digrii 95 hivi, na waya kurudi kwa 87.

Kuhusu kuchagua ventilateri yenyewe, musiangalie bei tu. Pima radiateri kwanza, uliza ampea, na ujue ni ya kuvuta upepo toka nyuma ao ya kusukuma toka mbele. Ukigeuza waya itageuka kweli, lakini mabawa yamekatwa kwa upande mmoja, upepo unakuwa kidogo. Na kifuniko cha radiateri pia kichunge presha, huku kwetu tuko mita kama 1,500 juu ya bahari, mayi bila presha inachemka kwa digrii 95 hivi, kabla ya zile 100 za shule.

Muhariri, kama munaweza kupata fundi wa umeme wa gari atuchoree mupango huu kwa gazeti, na namba za miguu ya rele zionekane vizuri, mie nitakata ile karatasi nibandike kwa garaji ya kwetu, kama wataniruhusu.

Msomaji wenu, Bukavu