Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Pemba mnaosema tuwe Singapore

Assalaam alaykum wanangu na wajukuu zangu. Barua hii naiandika kwenu nyie vijana wa Wete, Chake, Mkoani na Micheweni, hasa mlio sekondari na mliomaliza mko nyumbani, na nawaomba mnisomee mpaka mwisho japo naandika marefu.

Siku hizi kila mkikaa mazungumzo ni Singapore. Ati kisiwa kidogo kuliko Pemba yetu, maji mpaka wanunue kwa jirani, hawana shamba wala mgodi, na tazama walivofika. Kutoka hapo mnagawika makundi mawili, wa kwanza wanasema basi tatizo letu uvivu, wa pili wanasema tatizo mkoloni na mazungumzo yamekwisha. Mie nimesomesha jiografia sehemu kubwa ya umri wangu na naumia nikiwasikia, manake makundi yote mawili hamjaifungua ramani. Hebu leo tuifungue ile ya kusini mashariki ya Asia tuitazame taratibu, alafu turudi kwetu. Ninachotaka mkione ni hiki tu, ardhi na bahari humpa mtu nafasi, lakini mara nyingi kuna mwengine alokuja na nguvu zake akaipangia ile nafasi kazi, na kazi ile hubaki hata yeye akishaondoka.

Tuanze na upepo, manake huo mnaujua. Sie tuna kaskazi na kusi, na kule pia pepo zinageuka kwa msimu. Vyombo vya Gujarat na vya Waarabu vilikuwa vinakwenda na upepo wa kusini magharibi, vya China vinateremka na wa kaskazini mashariki, na njia yao fupi ni mlango wa bahari wa Malacca, baina ya Sumatra na rasi ya Malay, mrefu kama kilomita 800 na karibu na Singapore unabana mpaka haufiki kilomita 3. Kwa upepo mmoja huwezi kwenda na kurudi, lazima ungoje ugeuke, na watu wakingoja miezi wanajenga maghala, wanaoa, wanajenga misikiti, wanachanganya lugha. Ndo mji wa Melaka ulivokua kwenye miaka ya 1400, na ndo Uislamu ulivopata njia kubwa ya kuingia visiwa vile. Hapa nadhani mnaiona Lamu, Mombasa na Unguja bila ya mie kuwaambia.

Sasa tuzame chini, sehemu hii ndo naipenda kuliko zote. Bahari baina ya Sumatra, Java na Borneo ni ya kina kidogo, na zamani za barafu maji ya bahari yaliposhuka visiwa vile vyote vilikuwa bara moja na Asia, ndo maana chui wakubwa wenye miraba, wale tiger, walikuwako Sumatra, Java mpaka Bali. Ukivuka tu kutoka Bali kwenda Lombok, mwendo mfupi wa chombo, hakuna tiger tena, wanyama na ndege wanageuka, kwa sababu pale katikati pana kina kirefu ambacho hakijapata kukauka. Mwingereza mmoja mchunguzi wa wanyama, Alfred Russel Wallace, aliligundua jambo hili kwenye miaka ya 1850. Na nyie mnaishi kwenye mfano wake! Unguja iliwahi kuungana na Bara, kwa iyo ilikuwa na chui wake. Pemba mkondo wake ni mita mia kadhaa kwenda chini, chui hakufika, lakini tuna popo wetu mkubwa ambaye hayuko pengine popote duniani.

Mtauliza hili lina uhusiano gani na mkoloni. Lina uhusiano mkubwa. Upande ule wa kina kirefu, mbali kabisa mashariki, ndiko vilipo visiwa vidogo vya Maluku, na asili ya karafuu duniani kote ni pale, Ternate, Tidore na visiwa jirani. Kungumanga asili yake ni Banda, visiwa ambavyo kwenye ramani unavitafuta kwa kidole. Kitu kikiwa kinaota sehemu moja tu duniani na dunia nzima inakitaka, basi mwenye mizinga akishika pale anashika bei ya kila soko. Wareno wakaichukua Melaka mwaka 1511, hao hao waliokuwa wanatuhangaisha pwani hii, wakaenda mpaka Maluku. Nyuma yao wakaja Wadachi, yani Waholanzi, na kampuni yao iloundwa 1602, kampuni yenye jeshi, na mwaka 1621 gavana wao Jan Pieterszoon Coen akaivamia Banda. Watu wengi sana wakauawa au wakafa njaa milimani, wengine wakapelekwa utumwani Batavia, mji unaoitwa Jakarta siku hizi, visiwa vikabaki karibu havina wenyewe, na mashamba wakapewa Wadachi wakaletewa watumwa wa kufanya kazi.

Karafuu nayo wakaamua ilimwe Ambon na vijisiwa vya pembeni yake tu, kwengine kote mikarafuu ikatwe, na walikuwa wakituma misafara ya mashua za kivita kila mara kuhakikisha hakuna mti uliobaki. Nyie mliokulia chini ya mikarafuu, mnajua mti ule unangojewa miaka sita saba ndo uanze kuzaa, fikirini siku moja waje watu na amri kwamba mikarafuu yote ya Mtambile ikatwe ili bei isishuke katika mji ambao hamtouona maisha yenu. Maluku udongo haukuwa na kosa na watu hawakuwa wavivu, na umasikini waliouona ulikuja kwa sababu kile Mungu alichowapa kilikuwa na thamani mno.

Mwaka 1667 kule Breda, Waingereza na Wadachi wakakubaliana kila mtu abaki na alichokishika, Wadachi wakabaki na kijisiwa cha Run chenye kungumanga na Waingereza wakabaki na Manhattan, pale ulipo mji wa New York. Watu wa Run hawakuulizwa. Na sie mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipopatana, Ujerumani akachukua kisiwa cha Heligoland na Uingereza akabaki na ulinzi wa Zanzibar, hakuna aliyekuja Pemba kuuliza.

Ule ukiritimba ulivunjika kwa wizi. Mfaransa Pierre Poivre alipanga miche itoroshwe Maluku, ikafika Mauritius mwaka 1770, kutoka visiwa vile vya Wafaransa ndo mbegu ikafika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said akasukuma watu wapande, na waliopanda, waliopalilia, waliochuma walikuwa watumwa, hili tuliseme wazi manake wajukuu zao ni sisi sisi. Alafu mwaka 1872 kikapiga kimbunga kikalaza mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar inatoka hapa. Kwa iyo tunaposema Pemba ni kisiwa cha karafuu tusidhani tumeumbwa hivyo, ni kazi tuliyopangiwa, mvua na udongo vikakubali.

Java nitapita haraka. Volkano zake zimeipa udongo mzuri ajabu, mpunga unakubali, watu wakawa wengi, na mpaka leo zaidi ya nusu ya watu wa Indonesia wako kisiwa kile kimoja. Mdachi kuanzia 1830 akaamuru kila kijiji kitenge sehemu ya ardhi yake, walisema moja ya tano lakini kwa vitendo mara nyingi ilizidi, ilimwe miwa, kahawa na nili kwa ajili ya serikali. Hazina ya Uholanzi ikashiba, na kwenye miaka ya 1840 sehemu za Java zikaingia njaa, juu ya udongo ule ule!

Haya sasa Singapore yenyewe. Mwaka 1819 Mwingereza mmoja, Raffles, akapatana na wakubwa wa usultani wa Johor akafungua bandari isiyotoza ushuru pale mlango unapobana. Mwaka 1824 Waingereza na Wadachi wakapiga mstari katikati ya bahari, kaskazini kwako, kusini kwangu, na usultani wa Johor na Riau uliokuwa mmoja ukapasuliwa vipande viwili. Hapa nawaomba msimame mtazame ramani kwa makini. Kisiwa cha Batam kiko kama kilomita 20 tu kutoka Singapore, usiku wanaona taa za wenzao. Bahari moja, upepo mmoja, Wamalay wale wale. Lakini Batam iliangukia upande wa Mdachi ikakaa pembezoni muda mrefu sana, mpaka miaka ya 1970 ndo Indonesia ikaanza kuijenga viwanda, na Singapore iliangukia upande wa Mwingereza ikawa mlango wa kutokea mali yote ya Malaya, ile nchi ya rasi ya Malay iliyokuwa chini ya Mwingereza, madini ya bati yaliyochimbwa na vibarua wa Kichina, mpira uliogemwa na Watamil kutoka India, na mti wenyewe wa mpira asili yake Brazil. Mfereji wa Suez ukafunguliwa 1869, meli zikaongezeka. Kwa iyo ile hadithi kwamba walianza na mikono mitupu si kweli, walirithi bandari kubwa yenye zaidi ya miaka 140 walipojitenga na Malaysia mwaka 1965. Sisemi hawakufanya kazi. Walijenga nyumba za watu, walisomesha, walilinda bandari yao, na hilo ni la kuiga. Ila msiwapime watu wa Pemba kwa kipimo hicho mkawatukana wazee wenu.

Na nyie wa kundi la pili, mnaosema mkoloni ndo kila kitu, nina neno nanyi. Siam, yani Thailand ya leo, hawakutawaliwa, walikaa baina ya Mwingereza wa Burma na Mfaransa wa Indochina, wakacheza na wote wawili, wakakata vipande vya nchi yao wakawapa, upande wa Laos 1893 na majimbo ya Kimalay 1909, wakabaki na dola yao. Yani hata pale palipokuwa na mabavu, watu walikuwa wakichagua. Na Indonesia walipojitawala waliirudisha karafuu, kwa sababu watu wao wanavuta sana sigara zenye karafuu, zile kretek, wakawa wanunuzi wetu wakubwa, alafu wakapanda mikarafuu mingi mno mpaka kwenye miaka ya 1980 wakajitosheleza wakaacha kununua kwetu. Bei ikaanguka, na wazee wenu wanakumbuka hali ilivokuwa hapa. Wao walibadilisha kazi waliyopangiwa, sie tulibaki tumekaza macho kwa mteja mmoja na zao moja.

Kwa iyo mkitaka kuifananisha Pemba na popote, naomba muanze na kuuliza ile sehemu bahari yake ikoje, nani aliipangia kazi, na wenyewe walipopata nafasi waliibadilisha vipi. Alafu muulize hivo hivo kuhusu Pemba: mkondo huu wa kina kirefu wenye samaki, mikoko, mvua inayozidi ya Unguja, bandari ya Wete na ya Mkoani, kazi yake ni hii ya zamani tu?

Anzeni na mashamba ya mtaa wenu. Wazee wanaojua nani aliyapanda, yalikuwa ya nani kabla ya 1964 na yaligaiwa vipi baadae bado wapo, lakini si wengi. Nendeni msimu wa kuchuma, wakiwa wamekaa wanachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ndo wakati wanazungumza. Andikeni majina ya mashamba na miaka, chorani ramani kwa mkono, na nileteeni nizisome zote.

Wassalaam,
Mwalimu wenu mstaafu, Wete