Tutajieni jaribio la takwimu lililotumika

Ndugu Mhariri,

Habari za utafiti magazetini huishia mara nyingi kwenye maneno haya: "tofauti hiyo ni ya maana kitakwimu," yaani si rahisi iwe imetokea kwa bahati tu. Jaribio lililotoa hukumu hiyo halitajwi. Naomba nafasi nieleze kwa nini msomaji anastahili kutajiwa, maana data zilezile zikipitishwa kwenye jaribio lisilo lake huweza kutoa jibu la kinyume.

Tuanze na mfano. Watu 100 wanaulizwa swali moja kabla ya mafunzo na baada yake. Kabla, 40 wanajibu sawasawa, baada, 52. Mtafiti mwenye haraka anachora jedwali la safu mbili, 40 na 60 juu, 52 na 48 chini, kisha anaendesha kai-mraba, jaribio linalopima kama hesabu za makundi zinatofautiana kupita bahati. Anapata 2.90. Mpaka ni 3.84, ambao bahati peke yake huuvuka mara 5 tu kati ya 100, hivyo anaandika kwamba mafunzo hayakuonyesha tofauti.

Amekosea. Jedwali lake lina watu 200, ilhali walioulizwa ni 100 tu. Kai-mraba ya kawaida hudai kila mtu ahesabiwe mara moja. Hapa linalotakiwa ni jaribio la McNemar, ambalo huwaweka kando wasiobadilika na kuwatazama waliobadilika tu. Tuseme 16 walitoka kwenye kosa wakaingia kwenye jibu sahihi, na 4 wakarudi nyuma. Tofauti ni 12. 12 mara 12 ni 144. Gawanya kwa 20, ambao ndio waliobadilika wote, upate 7.2. Mpaka ni uleule 3.84, na safari hii umevukwa kwa mbali. Angalieni pia kwamba jumla za 40 na 52, ambazo ndizo huchapishwa, hazimwezeshi mtu yeyote kuirudia hesabu hii. Zinahitajika zile 16 na 4.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kufungua programu yoyote, ni kama waliopimwa ni walewale mara mbili au ni makundi mawili ya watu tofauti. La pili ni namba zenyewe ni za aina gani. Ukiandika 1 kwa mwanamume na 2 kwa mwanamke, hizo ni lebo. Programu itakupa wastani wa 1.6 bila kulalamika, na wastani huo hauna maana yoyote kama kipimo cha jinsia. Lebo huhesabiwa, na hesabu zake ndizo chakula cha kai-mraba. Hesabu, si asilimia: anayeingiza 60 na 40 kwa sababu ni asilimia, na sampuli yake ni watu 25, ameikuza kai-mraba mara nne. Idadi tarajiwa, yaani zile ambazo zingepatikana kama makundi yasingetofautiana, zikishuka chini ya 5, hasa kwenye jedwali la mbili kwa mbili, tumia jaribio la Fisher, linalofaa kwa idadi ndogo. Nasema tarajiwa kwa sababu wengi hutazama idadi zilizoonekana, wakaogopa bure au wakatulia bure.

Majibu ya "sikubali kabisa" hadi "nakubali sana" yana mpangilio, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba hatua ya 2 kwenda 3 ni sawa na ya 4 kwenda 5. Kwa makundi mawili tofauti, tumia jaribio la Mann-Whitney, linalotazama mpangilio wa majibu tu. Kwa matatu au zaidi, Kruskal-Wallis. Tahadhari moja tu: Mann-Whitney hailinganishi namba za katikati, isipokuwa migawanyo ya makundi yote mawili, yaani jinsi namba zilivyosambaa, iwe na umbo moja.

Vipimo halisi kama uzito au muda ndivyo vyenye jaribio la t, linalolinganisha wastani wa makundi mawili, lililotolewa mwaka 1908 na William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia, kwa jina la siri la Student. Makundi yakiwa na mitawanyiko isiyolingana, tumia toleo la Welch. Binafsi naona liwe chaguo la kwanza siku zote. Sharti la mgawanyo wa kawaida, yaani grafu yenye kilima kimoja na pande zinazolingana, nalo hueleweka vibaya. Hukaguliwa ndani ya kila kundi, au kwenye tofauti za jozi kama waliopimwa ni walewale. Ukiyachanganya makundi yenye wastani tofauti, unaweza kuona vilima viwili hata kama kila kundi halina kasoro. Jaribio la Shapiro-Wilk, linalokagua sharti hilo, halitakuokoa: sampuli ikiwa ndogo halioni kitu, ikiwa kubwa linapigia kelele kasoro isiyo na madhara. Chora grafu utazame.

Makundi 5 yakilinganishwa mawili mawili kwa jaribio la t, hayo ni majaribio 10. Kama yangekuwa huru, uwezekano wa angalau moja kutangaza tofauti isiyokuwepo ungefika asilimia 40. Ndiyo maana huanzwa na anova, inayolinganisha wastani wa makundi yote kwa pamoja, kisha jaribio la Tukey, linalolinganisha mawili mawili huku likizuia uwezekano huo usikue.

Ombi langu ni dogo, Mhariri. Mwandishi wenu anapomhoji mtafiti, amwulize jina la jaribio, idadi ya watu katika kila kundi, na kama walipimwa walewale. Majibu hayo yanatosha kwenye mstari mmoja wa habari.

Mwalimu wa takwimu