Unga wa samaki si suluhisho kwa wafugaji wa kaa Lamu

Mhariri,

Kila tunapotembelewa na wataalamu, sisi tunaonenepesha kaa kwenye vizimba vya mikokoni huku Lamu huambiwa kuwa tunachokosa ni chakula cha kiwandani chenye unga wa samaki. Naomba nafasi gazetini mwako nitofautiane nao.

Kaa wetu tunawalisha vidagaa na utumbo wa samaki. Kaskazi ikivuma hatuna taabu, lakini kusi ikichafua bahari mashua hubaki pwani, na kisamaki ambacho ningemtupia kaa huwa ndicho kitoweo cha jirani yangu. Unga wa samaki hauniondolei shida hiyo, kwani nao hutokana na samaki wadogo kama hao. Mwaka 2023 Peru, inayoongoza duniani kwa unga huo, ilifuta msimu wa kwanza wa uvuvi katika eneo lake kuu, na bei ikapanda. Omena wa Ziwa Victoria nao wana walaji wao, na upande wa Kenya uvuvi wake hufungwa Aprili hadi Julai, wakati uleule kusi inapotubana.

Isitoshe, kaa wa mikokoni hategemei samaki. Watafiti waliopasua matumbo ya kaa wa porini walikuta zaidi chaza, konokono na jamii ya kaa wenyewe. Na nani kwetu hajamwona akivunja tondo kwa gando? Ndiyo maana mabuu ya nzi askari mweusi yananivutia: hukua kwa mabaki ya jikoni na sokoni, na yakikaushwa hubeba takriban asilimia 40 ya protini. Mashamba yetu nayo yana mchango. Mashudu ya simsim yana methionini nyingi na laisini kidogo, ambavyo ni viini viwili vinavyojenga protini, ilhali soya ni kinyume chake, hivyo vikichanganywa kila kimoja huziba pengo la mwenzake, mradi soya ipikwe kwanza, maana mbichi huzuia protini kusagika tumboni. Mashudu ya pamba ningeyaogopa kwa sababu ya sumu yake ya gosipoli.

Sisemi tuache mazao ya bahari kabisa. Kaa hawezi kujitengenezea kolesteroli, naye huihitaji ili ajiambue gamba, na kwenye mimea haipatikani ya kutosha. Vichwa vya kamba tunavyovitupa vingeweza kuipunguza haja hiyo, vikikaushwa na kusagwa.

Linalosahaulika zaidi ni ugumu wa tembe za chakula. Kaa hamezi chakula kizima, hushika kwa magando akatafuna polepole. Kusi iliyopita nilinunua gunia la chakula cha samaki wa bwawani kwa muuzaji aliyeniapia kuwa kingefaa. Nilikitia jioni, na kabla ya isha kilikuwa uji. Asubuhi maji ya kizimba yalikuwa meupe kama tui, na kaa aliyejiambua usiku ule alikuwa ameliwa na wenzake, limebaki gando moja. Tangu hapo tembe zangu nazifunga kwa uji mzito wa muhogo na kuzianika, kisha naloweka moja kwenye kikombe cha maji ya bahari. Isiposhika kwa saa tatu, hazimfikii kaa.

Ombi langu kwa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya na kwa serikali ya kaunti ni kwamba, kabla ya shehena yoyote kununuliwa, zijaribiwe kwenye vizimba vyetu tembe ambazo nusu ya protini ya samaki imepishwa na mabuu, simsim na soya, kando ya zile za unga wa samaki mtupu. Zipimwe siku ambazo kaa huchukua hadi kujaa nyama, idadi ya wanaokufa, na gharama ya chakula kwa kila kilo ya kaa, na matokeo yatangazwe hata yakinipinga. Vizimba vyangu vinne viko tayari kwa kazi hiyo.

Mfugaji wa kaa,
Mokowe, Lamu