Taa ya barazani

Buruburu, Nairobi

Neema mwanangu,

Najua mama yako amekwisha kunishtaki kwako kwamba nimemweka gizani karibu miezi miwili. Ni kweli. Balbu ya barazani iliungua mwishoni mwa Machi, na kabla sijamwita fundi wa stima, chozi akaning'iniza kiota kwenye ule waya wake. Ndege mwenyewe hazidi urefu wa kalamu. Jina hilo la kilio sijui alipewa na nani, maana huyu siku nzima ni kuimba tu.

Aliyejenga ni jike, peke yake. Alikuwa akizoa utando wa buibui kwenye dirisha la jikoni (ule ambao mama yako ananidai niufagie tangu Krismasi), anausokota pamoja na nyasi kavu na karatasi za peremende, mpaka ukawa mfuko, mlango ubavuni na kijipaa juu yake cha kukinga mvua. Dume, mweusi mwenye kifua chekundu, yeye alikaa kwenye kamba ya nguo akiimba na kufukuza madume wenzake. Nilimsema sana. Mama yako akawa ananitazama tu.

Mayai yalikuwa 2. Niliyaona mara moja tu, kwa kioo changu cha kunyolea nilichokifunga kwenye mti wa ufagio. Jike akaatamia wiki mbili, mvua ya masika ikimwagika, nami usiku nasikiliza waya ukigonga ukuta.

Makinda walipoanguliwa, dume naye akaanza kuleta chakula. Nilidhani watalishwa maji ya maua, kumbe ni buibui na viwavi wadogo. Kinda akishashiba anageuka, anainua makalio mlangoni, na kinyesi kinatoka kimefungwa kwenye utando mweupe, kisafi kama kidonge. Mzazi anakidaka kwa mdomo na kwenda kukitupa mbali. Siku niliyomwona dume akikibeba, nilikumbuka kwamba nepi yako sikuibadilisha hata moja. Nilikuwa nafanya kazi Mombasa, naja mwisho wa mwezi, na hata nikiwa nyumbani, ukichafua nilikuwa namwita mama yako. Hilo sijawahi kukuambia.

Siku ya 17 wakatoka. Nilikuwa nimekaa hapo tangu saa kumi na mbili asubuhi, nikaingia ndani kuchukua chai, nikarudi nikakuta kiota kitupu. Mmoja alikuwa ameng'ang'ania wavu wa dirisha, mkia bado kisiki, anaita. Dume akamjia na buibui. Kunguru walikuwa juu ya paa la jirani wanamkodolea macho, nikawarushia patipati zangu zote mbili. Moja iko huko juu hadi leo.

Jioni wote wawili walirudi kulala kiotani, na jana pia. Kwa hiyo fundi bado sijamwita. Mkifunga chuo, ingia kwa mlango wa nyuma.

Baba yako