Kabla hujahama kanisa, jua unagombana na nani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Ibara ya 19 ya Katiba ya nchi yetu, Tanzania, inampa kila mtu uhuru wa kubadilisha dini au imani yake, kwa hiyo kuhama kanisa hakuna aliyekukataza. Tabu ni kwamba wengi huondoka na hasira zao tu, bila karatasi hata moja, kisha binti akifikia kuolewa wanarudi ofisi ileile waliyoikimbia kuomba cheti. Nitasema zaidi juu ya sisi Walutheri, ila wa madhehebu mengine watajiona humu.

Kwanza, andika sababu yako ya kuhama kwa sentensi moja. Kama ndani ya sentensi hiyo kuna jina la mtu, ugomvi wako si na dhehebu. Wachungaji huhamishwa, na huyo anayekukera huenda akafungasha kabla yako. Kama sentensi inataja fedha, hilo ni la utawala na lina pa kusemewa. Lakini ikiwa imegusa mafundisho yenyewe, mambo ni mengine kabisa. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba mtoto mchanga hapaswi kubatizwa asitegemee baraza la wazee limsaidie. Ubatizo wa watoto umo katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, na si mchungaji wala askofu mwenye mamlaka ya kuufuta. Huyo namwambia aage vizuri aende, maana kila ubatizo utakaofanyika mbele yake utamtonesha.

Wapo pia wanaogombana na kanisa lisilo lao. Kanisa la Sweden, ambalo ni la Kilutheri kama letu, lilipokubali mwaka 2009 kufungisha ndoa za jinsia moja, huku kwetu wengine walianza kuuliza wahamie wapi. Shirikisho la Kilutheri Duniani ni ushirika wa makanisa yanayojitegemea. Uamuzi wa moja haulifungi jingine, na kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lilitoa msimamo wake wa kupinga ndoa hizo katika Tamko la Dodoma la mwaka 2010. Mwumini wa Kanisa la Muungano la Methodisti kule Lubumbashi ndiye mwenye swali gumu, kwa sababu kanisa lake ni chombo kimoja na la Marekani, na mkutano mkuu uliofanyika Charlotte mwaka 2024 uliondoa makatazo ya zamani juu ya jambo hilo. Sharika za Marekani zilikuwa zimefunguliwa mlango wa kutoka na majengo yao tangu 2019 hadi mwisho wa 2023, kwa kura ya theluthi mbili na malipo yaliyopangwa, na zaidi ya 7,000 zikatoka. Mlango huo haukufunguliwa kwa sharika za Afrika.

Sasa turudi kwenye fedha na utawala, maana hapo ndipo wengi wanapokosea njia. Malalamiko hupelekwa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, au husubiriwa mkutano mkuu wa usharika yatupwe kwenye kipengele cha mengineyo, saa nane mchana, watu wana njaa na mwenyekiti anatafuta wa kufunga kwa sala. Yakifika hapo yamekwisha kufa. Andika barua ya ukurasa mmoja, yenye swali moja linalojibika. "Fedha zinaliwa" si swali. "Tunaomba taarifa ya mapato na matumizi ya mfuko wa jengo kuanzia Januari hadi Desemba, pamoja na stakabadhi za saruji na nondo" ni swali. Isainiwe na watu watano au sita wanaotoa sadaka zao kwa bahasha, kwani jambo la kwanza litakaloangaliwa ni namba zenu za bahasha. Ipitishieni kwa mzee wa mtaa wenu, ifike wiki kadhaa kabla ya mkutano ili iingie kwenye ajenda, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Isipojibiwa, nakala hiyo ndiyo mtakayopanda nayo kwa mkuu wa jimbo, na baadaye dayosisi. Bila muhuri mtaambiwa hakuna barua iliyoletwa, na hapo hamna la kujibu.

Ukishapita huko na bado moyo umegoma, ondoka, lakini ondoka na vyako. Chukua cheti cha ubatizo cha kila mtoto, cha kipaimara na cha ndoa, na barua ya uhamisho yenye saini na muhuri. Omba uoneshwe daftari la usharika ulinganishe majina na tarehe; Elisante aliyeandikwa Elisanti atakusumbua miaka mingi, kwa sababu cheti cha ubatizo hutumika pia kama kielelezo RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, pale mtu mzima anapofuatilia cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliye katikati ya mafundisho ya kipaimara, ambayo kwetu kwa kawaida ni miaka miwili, mwache amalize. Ukimhamisha katikati, huko aendako huenda akaanzishwa upya au asipokelewe kwenye mafundisho hayo kabisa.

Ndugu zetu Wakatoliki wajue jambo moja linalowashangaza wengi: Kanisa Katoliki halimhesabu mbatizwa wake kuwa ametoka. Tangu sheria zake zibadilishwe mwaka 2009, Mkatoliki aliyehamia kwa Wapentekoste na kufunga ndoa huko bila ruhusa, kwa hesabu za Kanisa Katoliki hajafunga ndoa, hata kama serikali inaitambua. Akitaka kurudi na kupokea komunyo, ataanzia hapo.

Unakokwenda nako kukague. Uliza kanisa limesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya kwa jina gani, na uombe kuona katiba. Kiwanja ni cha bodi ya wadhamini au cha mchungaji na mkewe? Nani wanasaini benki? Mchungaji ana leseni ya kufungisha ndoa? Asiyekuwa nayo atawapamba na kuwaombea vizuri sana, lakini hana mamlaka ya kufungisha ndoa hiyo kisheria. Mimi humwamini zaidi mchungaji anayejibu maswali haya bila kukunja uso kuliko yule mwenye mahubiri matamu.

Wanaofikiria kutoka kwa kundi, usharika mzima na kengele yake, wasome hati ya kiwanja kabla ya kupiga kura yoyote. Kwa kawaida mali imeandikwa kwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, si kwa waumini waliofyatua matofali. Jasho lenu halimo kwenye hati. Mgogoro wa kanisa letu kule Meru, mkoani Arusha, wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulizaa dayosisi mpya ndani ya KKKT na kanisa jingine lililojitenga, na majirani walifikia kuulizana nani mwenye haki ya jengo gani. Atakayetaka kutoka ahesabu gharama ya kuanzia chini ya turubai.

Kuna la mazishi pia, ambalo watu hawapendi kulisema. Andika kwa mkono wako nani akuzike na kwa liturujia ipi, umpe mwenzi wako na mkubwa mmoja wa ukoo. Wachungaji wawili wakikutana kwenye jeneza moja, ukoo ndio unaoaibika.

Mwisho, ombi kwa mabaraza ya wazee. Acheni kushikilia barua za uhamisho kwa sababu mtu hajamaliza ahadi ya jengo. Ahadi si mkopo, na mtoto hana deni. Mtu akiomba barua, baraza limwite mara moja, limsikilize sababu yake na kuiandika kwenye muhtasari, kisha barua itoke ndani ya siku 14. Sababu hizo zisomwe kila mwaka kwenye mkutano mkuu, bila majina.

Mzee wa kanisa,
Arusha